Nilivyofundisha Kupima Bao la Mashamba Newala

Wasomaji wangu, kabla ya yote naomba mnivumilie. Shule niliyosoma ni ya msingi tu, ya misheni, na mkono wangu haukuizoea kalamu. Ukurasa mmoja hunichukua asubuhi nzima, herufi zangu huinama kama mtama uliopigwa na upepo, na sisi Wamakua tukiandika haraka, r na l hubadilishana viti. Mkikuta kosa, lirekebisheni kimoyomoyo muendelee. Vijana wa hapa Chiungutwa ndio walioniomba niandike habari za kazi yangu ya ujanani, maana kila nikiwasimulia hucheka wakidhani natunga.

Nilikuwa mwangalizi wa Jumba la Ustawi la Newala, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuwafundisha watu wazima namna ya kupima mwanzo wa mchezo unaoitwa Go.

Siku ya kwanza nilifika na vumbi la lori kichwani. Padri wa Lulindi ndiye aliyenisemea kazi. Nilikuwa kijana mwenye haya kupita kiasi. Nikisalimiwa na mtu mzima nilijibu huku natazama chini. Bosi wangu alikuwa Mwingereza, ofisa wa maendeleo, na watu wote walimwita Bwana Maendeleo. Alinikuta nimesimama mlangoni.

“Unatafuta nini chini?” akaniuliza.

“Hakuna kitu, bwana.”

“Basi inua macho. Kazi yangu iko juu ya meza.”

Juu ya meza palikuwa na ubao wenye mistari kumi na tisa ya kwenda na kumi na tisa ya kushuka. Pembeni palikuwa na vibakuli viwili vya kete, nyeusi na nyeupe. Mchonga vinyago wa pale Newala alizitengeneza zote kwa gogo moja la mpingo: nyeusi alizitoa kwenye kiini, na nyeupe kwenye ule mti wa nje unaokaa karibu na gome. Bwana Maendeleo alijifunza mchezo huo Japani baada ya vita, na tangu afike kwetu alikuwa hana wa kucheza naye. Akaona kwamba watu wanaojua bao kama sisi hawawezi kushindwa na Go.

Nitaueleza kwa ufupi. Kete huwekwa moja moja, kwa zamu, pale mistari inapokatana. Ikishawekwa haihami. Kete zikizungukwa pande zote hutolewa, lakini kula siyo lengo. Lengo ni kuzungushia sehemu tupu ziwe zako. Mwishoni mwenye eneo kubwa ndiye mshindi. Kwa hiyo wazee wa Newala waliuita bao la mashamba, na jina hilo likashika.

Kupima mwanzo ni kitu kingine. Ni kusimamisha mchezo wakati ubao bado uko mtupu kwa sehemu kubwa, na kusema nani yuko mbele na kwa nini. “Mimi sitafuti mtu wa kushinda,” Bwana Maendeleo aliniambia. “Kushinda kunaweza kuwa bahati. Natafuta watu wa kusema kwa nini. Mtu akijua kupima mwanzo, mwisho atajifundisha mwenyewe.”

Akanifundisha mimi kwanza, jioni baada ya ofisi kufungwa, kisha akanipa miezi ya majaribio. Mwisho wa miezi hiyo angekuja jumbani, angesimamisha mchezo wowote atakaoukuta, na angeuliza. Wanafunzi wangu wakijibu kwa sababu, ningeajiriwa. Wakishindwa, angetafuta mtu mwingine.

Sasa mjue jambo lililonikalia kooni. Mjomba wangu, ambaye kwa desturi yetu ndiye mwenye kauli juu yangu, alikuwa amekwisha kuliandikisha jina langu kwa wakala wa mashamba ya mkonge. Vijana waliokwenda mkonge tuliwaita manamba, na wengine hatukuwaona tena. “Kazi ya kutazama wazee wakicheza ni kazi gani?” alisema mjomba. “Nakupa hiyo miezi ya Mzungu wako. Usipoajiriwa unapanda lori.” Nilimwitikia ndiyo, kama nilivyozoea.

Basi nikaanza. Asubuhi nilifagia jumba, adhuhuri niliwasomea gazeti wasiojua kusoma, na alasiri tulikaa kwenye ubao.

Kanuni ya kwanza niliyofundisha ilihusu pembe. Anza pembeni, kisha kingo, kisha ndiyo ufikirie katikati. Hili halikuwapa taabu. Nilisema, ukitaka kufyeka shamba, pale panapokutana ukingo wa mteremko na barabara tayari una mipaka miwili bila kutoa jasho. Ukijitupa katikati ya pori, pande zote nne ni kazi yako. Kila mtu anayekaa juu kule Newala anaujua ukingo wa mteremko. Jirani hawezi kukuvamia kutokea hewani.

Kisha niliwafundisha mistari. Ukihesabu kutoka ukingoni, kete ikikaa mstari wa tatu imejenga, inapata chakula mapema. Ikikaa mstari wa nne inatazama mbali, chakula chake kitakuja baadaye. Mwenye kete zote mstari wa tatu ameshiba lakini amejifungia ndani. Mwenye zote mstari wa nne ana heshima, lakini jirani anaweza kupita chini ya uchaga wake akaingia.

Taabu ilianza kwenye kula. Watu waliokulia kwenye bao la kete hawawezi kuona kete ya mwenzao wakaiacha. Katika bao letu shimo tupu ni umaskini, na kete nyingi ni mali. Katika hili bao la mashamba, utupu uliozungukwa vizuri ndio mali yenyewe. Wanafunzi wangu walikuwa wanakimbizana kula kete mbili, wanazirundika pamoja kama watu wanaoota moto, wakati mwenzao anachukua upande mzima wa ubao. Ukimwuliza aliyekula nani yuko mbele, anakuonyesha kete alizoshika mkononi.

Hilo nililiondoa kwa subira. Lililonishinda lilikuwa jingine, nalo lilikuwa heshima.

Niliposimamisha mchezo na kuuliza, hakuna aliyekubali kusema kwamba mtu aliyemzidi umri yuko nyuma. Fundi cherehani wetu alikuwa Myao wa Masasi, mtu wa kanisa, jina la mwanawe mkubwa Asteria, basi tukamwita Baba Asteria. Macho yake yalikuwa makali kuliko ya wote. Nikimwuliza, “Baba Asteria, nani yuko mbele?” anazitazama nywele nyeupe za wachezaji, kisha anajibu, “Wote wamecheza vizuri, mwanangu. Mungu awabariki.” Nami, kwa haya zangu, nilitikisa kichwa nikanyamaza. Wiki zikapita tukibarikiana hivyo.

Jambo lililotuokoa lilikuja bila kuitwa. Alikuwapo askari mstaafu, Mngoni wa Songea, aliyerudi kutoka vita vya Bama, kule Asia, akaoa Newala, akabaki hapo. Tulimwita Sajini. Alasiri moja aliingia kunywa chai, akasimama nyuma ya Baba Asteria aliyekuwa akicheza.

“Ala!” akasema. “Tazameni Myao anavyolima barabarani!”

Mjue kwamba Wangoni na Wayao ni watani. Babu zao walipigana, wao wakabaki na ruhusa ya kutukanana bila mtu kukasirika.

Baba Asteria hakugeuka. “Mngoni anajua nini kuhusu kulima? Ninyi mlikuwa mnangoja watu wavune.”

“Ndiyo maana nayajua mashamba mazuri, mtumwa wangu. Nimeyaiba mengi. Hili lako nisingeliiba hata bure.”

“Kwa nini?”

“Umepanga kete tano mahali pa mbili.” Sajini akanyoosha kidole mpaka kikagusa ubao. “Hapa, hapa na hapa, zinafanya kazi moja. Na kule upande wa kulia hujatuma hata mtoto.”

Baba Asteria alikifuata kidole kile kwa macho. “Kweli,” akasema. “Mwizi huyu amesema kweli.”

Nilishika ufagio siku ile nikasahau kufagia. Siku ya pili nikaweka sheria, na naamini ndilo jambo la pekee nililolivumbua maishani. Mchezo ukisimamishwa, kwanza tunauliza: mtani wa mwenye kete yuko wapi? Yeye ndiye anapima. Wamakonde wenyewe wana watani wa ukoo kwa ukoo, kwa hiyo hawakukosa. Nikaongeza kwamba tusi bila sababu halihesabiki. Kila anayetukana lazima aguse mahali kwenye ubao kwa kidole.

Jumba likachangamka. “Hizi kete zako ni wageni waliofika magharibi, wataazima mkeka kwa nani?” Hapo mtu amejifunza kwamba kundi lisilo na nafasi ya kujikimu ukingoni ni dhaifu. “Umekwenda kugonga mlango wa ukuta mnene, utaumia mkono.” Hapo amejifunza kutokusogelea kete zenye nguvu. “Unahesabu mali, zamu ni ya nani, mlevi wewe?” Hapo wote wamejifunza kwamba palipo sawa, mwenye zamu ndiye yuko mbele. Kanuni zile zile nilizozisema kwa wiki nyingi bila kusikika, sasa ziliingia kwa kicheko.

Siku ya Bwana Maendeleo ikafika, na wiki hiyo hiyo lori la manamba lilikuwa linangojwa Masasi. Niliwapanga watani vizuri. Lakini Bwana Maendeleo hakuja peke yake. Alikuja na Liwali.

Liwali ndiye aliyekuwa mkubwa wetu sisi Waafrika pale Newala. Alikuwa mtu wa pwani, mzee, mtaratibu, na hukumu zote za barazani zilipita mikononi mwake. Kumbe Bwana Maendeleo alikuwa amemfundisha mchezo nyumbani kwake. Liwali akataka kucheza, na wote wakamsukuma Sajini mbele.

Walicheza, sisi tumesimama. Liwali alikula kete mbili za Sajini mapema, akatabasamu, akaziweka pembeni ya goti lake. Ili azile alitumia kete nyingi zilizobanana kwenye pembe moja. Sajini kwa woga wake hakubisha. Aliendelea kuweka kwingine tu. Kwa kutobisha akapata pembe mbili, na ukingo mrefu katikati yake. Liwali alikuwa pia na kundi katikati ya ubao, linaning'inia.

Bwana Maendeleo akainua mkono. “Simamisheni hapo. Baba Asteria, nani yuko mbele?”

Baba Asteria akakohoa. “Mchezo mzuri, bwana. Mungu awabariki.”

“Sajini?”

“Liwali anaongoza, bwana!” Alijibu kwa sauti ya paredi.

Bwana Maendeleo akawatazama wengine, mmoja mmoja, na wote wakawa wanaangalia dari. Mtu wa pwani pale Newala hakuwa na mtani. Mwisho akanigeukia mimi.

Niliona mambo mawili kwa mara moja. Nikisema Liwali anaongoza, Bwana Maendeleo anajua ni uongo, na mimi nakwenda mkonge. Nikisema yuko nyuma, kijana asiye na adabu amemwaibisha mkubwa mbele ya watu, na jumba lile lisingekalika kwangu tena hata kwa mshahara. Maishani mwangu palikuwa na mtu mzima mmoja tu niliyeweza kumtazama usoni, naye ni babu yangu mzaa mama, kwa sababu babu na mjukuu ni watani popote, bara na pwani.

Nikasogea, nikainama. “Shikamoo, babu.”

Liwali akainua macho. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo jumbani. “Marahaba, mjukuu wangu,” akasema.

Alipojibu hivyo, mlango ameufungua mwenyewe.

“Babu,” nikasema, na sauti niliyoisikia sikuijua, “umezeeka vibaya. Bibi nitamchukua mimi. Wewe umekula kete mbili ukashiba, mwenzio amehama na shamba.”

Nilisikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi. Nikagusa ubao haraka kabla woga haujanirudia. “Pembe hii ya Sajini. Na hii. Na ukingo huu wote katikati ni wake. Kete zako za pembeni zinalinda ghala lililokwisha kufungwa. Hizi za katikati hazina pa kujishikiza. Na zamu ni ya Sajini.”

Liwali aliutazama ubao. Mimi nilikwisha kujiona nimeketi ndani ya lori. Kisha akanipima kutoka kichwani hadi miguuni.

“Bibi yako hakutaki,” akasema. “Una miguu kama ya korongo.”

Jumba zima likapasuka kwa kicheko, na Liwali mwenyewe akacheka mpaka akavua kofia. Hapo ndipo ndimi zilipofunguka. Baba Asteria akaruka kutoka alipokuwa: “Mngoni yuko mbele, bwana, lakini kwa bahati! Pembe hii aliiacha wazi, mgeni angeingia!” Sajini akamjibu, wengine wakadakia, kila mmoja na kidole chake ubaoni, mpaka Bwana Maendeleo akalazimika kupiga meza.

“Basi, basi. Nimesikia sababu za kutosha.” Kisha akaniambia mimi: “Umepima sawa, ila umemzika mtu kabla hajafa.” Akachukua kete ya Liwali, akaiweka mahali ambapo mimi sikupaona, katikati ya lile kundi na ukingo wa Sajini. Kete moja ile iliwapa wale wageni mkeka, na wakati huo huo ikabana shamba la Sajini. “Hapa pangekuwa pake kama Sajini angesinzia. Kupima siyo kuzika. Jifunze hilo.”

Nimelishika mpaka leo.

Niliajiriwa. Nilishuka Chiungutwa Jumamosi kumwarifu mjomba. Alikuwa anaokota korosho. Akasikiliza yote, akauliza jambo moja tu: “Ulimtania Liwali?”

“Ndiyo, mjomba.”

“Na akacheka?”

“Akacheka.”

Akaokota korosho nyingine mbili tatu. “Kesho nitakwenda kulifuta jina lako,” akasema. “Kumbe una mdomo.”

Kutoka hapo nilitumika Newala mpaka Bwana Maendeleo aliporudi kwao. Aliniachia ubao. Bwana Maendeleo wa pili alipenda mpira wa miguu peke yake. Alinihamishia Masasi kutunza jumba la huko, na ubao niliokwenda nao ukageuzwa meza ya chai. Nilikuwa nafuta sukari kabla ya kufundisha. Baadaye Mwalimu Mkuu wa shule ya Lulindi aliniomba niwafundishe walimu wake alasiri za Ijumaa. Walimu wale walikuwa hodari wa kuhesabu, lakini hawakuwa na watani wa kutosha, na darasa lilikuwa baridi. Uhuru ulipokuja, majumba yakawa ofisi. Mimi nikaingia elimu ya watu wazima, nikafundisha kusoma na kuandika mpaka kustaafu. Kusoma nako nilifundisha hivyo hivyo: mtani ndiye msahihishaji.

Wenzangu wa jumba la Newala wamekwisha kuondoka wote. Napenda niwaambie jinsi alivyoondoka Sajini, maana ndiyo siku ninayoikumbuka zaidi sasa kuliko siku ya Liwali.

Mnajua kwetu msiba hauendi bila watani. Mtani ndiye anayeruhusiwa kuchekesha wafiwa, kumwigiza marehemu, hata kulizuia jeneza njiani. Baba Asteria alikuwa mzee sana, lakini alipanda kutoka Masasi kuja kufanya kazi yake ya utani. Alivaa kofia ya Sajini ya jeshi, akatembea kwa kuchechemea kama Sajini, wajane wakacheka huku wanalia. Kisha akasimama mbele ya jeneza, akanyoosha kidole.

“Huyu Mngoni,” akasema, “aliacha pembe zake zote kwao Songea. Akaja kujitupa katikati ya watu, hana ndugu, hana ukingo, hana kitu. Mimi nilimpima tangu siku ya kwanza nikamwambia, mtumwa wangu, uko nyuma sana.”

Watu wakacheka. Akageuka akawatazama watoto wa Sajini, wajukuu, majirani waliojaa uwanja mpaka kwenye mikorosho. Kidole chake kikabaki hewani.

“Nilipima vibaya,” akasema.

Tukamshika mkono, tukamkalisha.

Ninyi mliosoma mpaka hapa, iwe Lisekese, Lulindi, Newala au mbali zaidi, niandikieni. Kama nyumbani kwenu kuna ubao wenye mistari kumi na tisa ambao watu hawajui ni wa nini, nielezeni. Kama baba au babu yenu alikaa katika jumba letu, nitajieni jina lake na la mtani wake. Na kama niliyoyaandika hayakuwaridhisha, msinibariki. Semeni wazi, mkigusa kwa kidole mahali nilipokosea.